Shangazi wa Jikoni Amepoa

3 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ukiona mistari imepinda usinicheke, naandikia juu ya mashine, na mashine yenyewe inazunguka. Nimeiwasha makusudi, natamani karatasi ingekuwa na sauti uisikie. Ndiyo hiyo hiyo mashine yako ya kukaushia nguo, ile uliyoinunua hoteli ilipofungwa ukaipandisha ngazi mgongoni huku watoto wa jengo zima wakikushangilia. Taa inawaka, ngoma inazunguka, kelele ni zile zile. Ila haitoi joto. Naweka mashuka mabichi, natoa mashuka mabichi yaliyochoka.

Usidhani nimekaa tu. Mimi si wa kushindwa na bati. Nimeipiga ngumi ya ubavu, nimeipiga teke, nimeibembeleza kwa upole, nimeitukana matusi ambayo mama angeweza kusimama angenichapa. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio. Shule ingekuwa inafundisha vitu kama hivi nisingeitoroka kidato cha pili, leo ningekuwa profesa na wewe ndiye ungekuwa unaniamkia.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mvua ya safari hii hainyeshi, inamwagwa. Dirisha letu unalijua, linatazamana na ukuta. Mama tangu apooze ule upande, shuka linabadilishwa asubuhi, mchana na jioni, na mashuka tuliyonayo unayajua. Juzi nilimtandikia moja lenye unyevu kidogo, nikasema litamalizia kukauka hapo hapo kitandani. Akaja nesi, yule anayemsafisha kidonda cha mgongo. Akapitisha mkono chini ya mama, akanitazama kama mwizi. Kidonda kimefunguka tena. Amesema akikuta kitanda kibichi mara nyingine, ataandika mama ahamishiwe ile wodi ya wasio na watu. Nikamuuliza, "Kwani mimi si mtu?" Akasema, "Wewe ni mtoto mwenye maneno."

Mama alisikia. Siku hizi anaongea kwa nusu ya mdomo, lakini hilo alilisema lote, kaka, neno kwa neno: anakusubiri hapa hapa, chumbani kwake, hatoki kwenda wodi yoyote mpaka akuone unaingia mlangoni.

Kamati yenu ya kupunguza vifungo si inakaa mwezi ujao? Basi kazi yangu ni kumweka mkavu mpaka utakapotoka. Wewe uko udobini huko gerezani, na nasikia mashine zenu ni kubwa kama vyumba. Niambie nifanye nini na hii. Andika kwa ufupi tu, mimi naelewa haraka.

Ni mimi,
Injinia


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwanza acha kuipiga.

Mashine ya namna hiyo ikizunguka bila joto, mara nyingi imezibwa pumzi. Chomoa waya ukutani, usiishie kubonyeza swichi. Toa chujio la pale mlangoni, lioshe, usilirudishe likiwa na maji. Kisha ivute mbele. Nyuma kuna bomba pana la bati jepesi linalotoa hewa dirishani. Lichomoe uingize mkono. Utakachokikuta humo ndicho kilichoiharibu. Bomba likiziba, joto linazidi ndani, na mashine imewekewa kidude cha kuikatia moto isije ikaungua. Kidude hicho kikishakatika hakijirudishi, lazima kibadilishwe. Fungua bati la nyuma, upande wa ██████████████ waya mbili ██████████████████████ usithubutu ████████████████████████████████████.

Ukimaliza iwashe ikiwa tupu, uweke kiganja kwenye mdomo wa bomba.

Hapa tunakausha mablanketi ya gereza zima. Mkubwa wa kamati alipita akauliza nani anazitunza mashine hizi. Wakamwonyesha mimi. Sisemi zaidi ya hapo.

Mgeuze mama mara kwa mara, hata akikataa. Na niandikie kidonda kikoje, ukweli wake.

Kaka yako


17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimeingiza mkono kwenye bomba nikavuta paka.

Haki ya nani nilidhani ni paka. Manyoya ya nguo yamegandamana, kijivu, marefu kupita mkono wangu, na tumboni mwake kuna soksi yako moja, vifungo, na kitu ambacho zamani kilikuwa leso. Nikampelekea mama amwone. Akacheka kwa ule upande unaocheka.

Chujio nimelisugua mpaka linaona haya. Bomba linapumua vizuri. Nimeweka kiganja kama ulivyosema: upepo mwingi, baridi tupu. Ni kama kupuliziwa na mtu asiyekupenda.

Nikasema sawa, twende kwenye bati la nyuma. Hapo ndipo nilipokuta barua yako imepakwa wino mweusi, kama mtu aliikalia na masizi. Nimeiinua dirishani, nimeilowesha maji, nimeikwangua kwa wembe mpaka ikatoboka. Kumbe barua zako wanazisoma! Ni afande gani huyo anayeogopa mashine ya kukaushia nguo? Yeye za kwake anazikausha kwa macho? Bahati nzuri zangu zinaingia tu, hawana habari nazo. Na hata wakijaribu, watakwama. Mwandiko wangu ulimshinda mwalimu mwenyewe, alikuwa ananipa sifuri kwa kukisia.

Kwa sasa nakausha kwa pasi. Pasi inakausha katikati, pindo zinabaki mbichi. Likibaki la mwisho najifunga mimi, kuanzia kwapani mpaka magotini, natembea nalo ndani mpaka likauke kwa joto langu. Mama ananiita bibi harusi. Nina kakikohozi, kadogo tu.

Nesi hajaja, barabara imejaa maji. Asubuhi naiombea mvua iendelee ili asifike, mchana naiombea ikome ili nikaushe. Huko juu lazima wananiona sina msimamo.

Mama mzima, anakula. Kidonda kipo kipo.

Kile kipande kilichopakwa wino niandikie tena. Tafuta njia yoyote. Wewe una akili, mimi nina kipaji.

Injinia


25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo nakuandikia habari za familia tu.

Nimesikia shangazi yetu mnene, yule anayekaa hapo jikoni, amepoa mwili. Unamjua alivyo: mweupe, tumbo kubwa, siku nzima kuzunguka tu. Lakini mgonjwa si yeye. Mgonjwa ni mwanawe mdogo anayembeba mgongoni, upande wa kulia, chini ya lile vazi gumu alilolifunga kwa vifungo vya kuzungusha.

Kabla ya yote hakikisha shangazi amelala kabisa na mkia wake umetoka ukutani. Kisha mvue lile vazi. Utamwona mtoto: mweupe, hafiki urefu wa kidole gumba, ameshikwa mikono na ndugu zake wawili, mmoja kila upande. Mtoe katikati yao. Mpeleke kwa fundi redio, ampime kama uhai unaingia huku na kutokea huku. Usipopita, amekufa. Usimlilie. Mtafutie mwenzake anayefanana naye kabisa, hata namba iliyoandikwa kifuani iwe ile ile, umweke pale pale.

Hili sasa lishike kuliko mengine yote. Usije ukawashikanisha wale ndugu wawili mkono kwa mkono bila mtoto katikati. Shangazi atapata joto, ndiyo, atafurahi sana. Halafu atachoma nyumba mama akiwa kitandani, na mama hawezi kukimbia.

Acha kujifunga shuka bichi. Hicho kikohozi si kidogo.

Na "kipo kipo" si jibu.

Kaka yako


4 Mei

Kaka!

Shikamoo, shikamoo tena!

Mwanzoni nilidhani gereza limekupanda kichwani. Nikamuuliza mama, "Jikoni kwetu tuna shangazi gani mnene?" Mama akainua ule mkono mzima, akanyoosha kidole kwenye mashine. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuhisi, hilo uliweke wazi kwa watu.

Nikamlaza shangazi, nikamvuta mkia, nikamvua vazi. Mtoto huyu hapa! Fundi redio akamgusa kwa zile sindano mbili za mita, mshale haukutikisika hata kidogo. Amekufa, kaka, na sikumlilia. Kumpata mwenzake ndiyo ilikuwa kazi. Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka nikakuta shangazi mwingine, wa aina ile ile, ametupwa na mlango wake umeng'oka, lakini mtoto wake yuko hai kabisa. Muuzaji akaniuliza, "Kidude hicho unakijua ni cha nini?" Nikamwambia, "Mzee, mbele yako amesimama bingwa." Akaniongezea na vifungo vyake.

Nimemweka. Nimewasha. Nimeweka kiganja kwenye bomba, na moto ukaja. Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga tena kwa ufagio, na safari hii nikamgongea na mimi kwa kisigino.

Shuka la kwanza nilimfunika mama likiwa bado na joto, mpaka kidevuni. Alifumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Nikadhani kalala. Akaniuliza, "Anakuja lini?" Nikamwambia kamati ikikaa tu, mama, hata wiki hazifiki nyingi.

Nesi naye kafika, matope mpaka magotini. Akapitisha mkono. Pakavu! Akatafuta cha kunisema, akasema kucha zangu ndefu.

Sasa lile lililonifurahisha kuliko yote. Tumewaweza! Afande kaisoma habari ya shangazi yote, labda kafuta na chozi, kaipitisha mwenyewe kwa mkono wake. Ingekuwa mpira, tumempiga chenga kipa kaenda kununua karanga. Sasa tuna lugha yetu, kaka. Ukiwa na jambo lolote ambalo hawataki nilijue, nitumie kupitia shangazi. Lolote lile! Mimi nitaelewa na nitalifanya bila kuuliza.

Shati lako la mistari nimelipiga pasi, linaning'inia nyuma ya mlango mama alione.

Injinia Mkuu


2 Juni

Mdogo wangu,

Nimepewa ukurasa mmoja, na naandika mtu akiwa amesimama hapa.

Barua yako ya mwezi uliopita ilisomwa. Zote zinasomwa, zako pia. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua.

Niliitwa. Nikaulizwa shangazi ni nani, ndugu wawili ni nani, mtoto gani alitakiwa afe, na nyumba ipi ichomwe. Nikasema ni mashine ya kukaushia nguo. Wakacheka. Nikawaomba twende udobini niwafungulie bati la nyuma, wamwone mtoto mwenyewe. Wakasema sitakaribia mashine yoyote tena.

Sasa niko kwenye kuponda kokoto. Kamati ilikaa. Faili langu lilifunguliwa, barua yangu na ya kwako zikiwa juu yake. Wamesema nimalize kifungo chote. Miaka iliyobaki unaijua, na mama anaijua.

Usiandike kueleza. Maelezo nayo watayasoma kwa namna yao. Mama usimwambie.

Mashine bado inatoa joto? Safisha chujio kila unapoitumia.

Kaka yako


9 Juni

Kwa Afande unayesoma barua,

Shikamoo. Kaka kanikataza kueleza, kwa hiyo sielezi kwake, naeleza kwako. Leo nimeandika herufi kubwa na nimeacha nafasi kati ya maneno usipate tabu.

Yale niliyokusema nayafuta. La kukausha nguo kwa macho nalifuta. La karanga pia. La chozi lilikuwa baya zaidi, nisamehe. Nilikuwa najisifu. Uliza mtu yeyote kwenye jengo letu, atakwambia yule kijana kinywa chake kinatangulia, yeye anafuata nyuma anakimbia. Sina lugha ya siri, afande. Hata hizi za darasani hazikunikaa.

Shangazi ni mashine. Mkia ni waya wake. Vazi ni bati la nyuma. Ndugu wawili ni nyaya mbili. Nyumba iliyosemwa ni hii yetu, na kaka alikuwa anakataza isiungue, rudia kuisoma utaona. Mama yetu amepooza, tulikuwa tunatafuta shuka kavu. Basi.

Nimefikiri utasema huyu naye anabuni. Kwa hiyo nimekutilia ndani ya bahasha yule mtoto mwenyewe, yule aliyekufa. Ni mweupe, ana namba kifuani. Mpe fundi redio yeyote ampime, atakwambia alikuwa anafanya kazi gani. Na ukipata nafasi njoo nyumbani kwetu. Nitakufungulia bati mbele yako, utie mkono wako mwenyewe.

Kosa ni langu lote. Kama kuna kokoto za mtu wa nje, nipe mimi.

Mdogo wa mfungwa


20 Juni

Kwa mwandishi,

Barua yako ya tarehe 9 Juni imepokelewa. Haikufikishwa kwa mfungwa.

Kifaa cha umeme kilichofichwa ndani ya bahasha kimezuiliwa. Kuingiza gerezani kifaa cha aina hiyo bila idhini ni kosa. Kimeambatishwa kwenye faili la mfungwa pamoja na barua nyingine.

Mfungwa amesimamishiwa barua. Kuanzia mwezi wa tisa utaruhusiwa kumwandikia barua moja, isiyozidi ukurasa mmoja, kuhusu hali ya familia tu.

Mwandiko wako unasomeka. Usiandike tena habari za mashine.

Mkaguzi wa Barua


1 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Ukurasa mmoja, hali ya familia tu.

Mama sikumwambia. Nilifanya zaidi ya hapo, nilimwandikia barua yako. Si unajua zako huwa namsomea. Basi nikakaa jikoni nikatunga moja, nikaingia nayo chumbani nimeishika kama inatoka posta sasa hivi. Ilikuwa barua nzuri, kaka. Kamati yote imesimama kukupongeza, mkubwa wa gereza amekupa mkono, hakuna fundi kama wewe kuanzia huko mpaka huku, na unakuja kabla ya mwaka kwisha. Niliisoma polepole, kwa sauti yako. Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ametazama juu. Halafu akasema, "Kaka yako hajisifu."

Nikamwambia siku hizi umebadilika.

Akasema, "Nisomee ya kweli."

Nikamsomea. Pale penye kokoto alinirudisha nisome tena.

Hakulia. Chakula alikula. Siku nesi alipokuja kitanda kilikuwa kikavu na kidonda kilikuwa kimeanza kuota ngozi mpya, nesi mwenyewe akaniita bwana fundi. Mama akamshika nesi kwa mkono mzima, akamwambia amwandikie ile wodi. Nesi akadhani hakusikia vizuri, akanigeukia mimi. Nikacheka, nikasema mama anakutania. Mama akalisema tena, lote.

Nikapiga magoti pale kitandani. "Mama, nimekukosea nini? Shuka ni kavu. Kama ni maneno yangu, nitaacha maneno." Akasema sikumkosea. Alikuwa anakaa hapa kwa ajili ya mlango, na sasa mlango hauna mtu wa kuingia. Akasema nina kifua kibovu na umri wa kutafuta kazi, siyo wa kufua. Nikamwambia mimi si ndiye ninayeingia kwenye mlango huo kila siku? Akanishika shavu.

Walikuja na machela. Kwenye ngazi machela haikugeuka, ikabidi nimbebe mimi mpaka chini. Mwepesi, kaka. Jirani wa ufagio alitushikia mlango.

Wodi ni chumba kirefu, vitanda vimesogeleana. Wageni wanaruhusiwa mchana, naenda. Siku za mwanzo niliwachekesha wagonjwa wote, hata yule wa pembeni asiyemtambua mtu alicheka. Mama ananitazama tu. Siku hizi amegeukia ukutani na hataki kugeuzwa, na wa kumgeuza ni wachache. Kidonda kimefunguka tena, na kingine kimetokea kwenye nyonga, nesi ananiambia ni kirefu. Chakula anakikataa. Ulitaka ukweli wake, ndio huo.

Jana nilimwambia nimepata ruhusa ya kukuandikia, nikamuuliza nikwambie nini. Kengele ya kututoa wageni ikalia. Nilikuwa nimeshasimama.

Kasema nikwambie usiwe na haraka.

Mdogo wako